Hodi Mlangoni mwa Sinagogi: Uhakiki wa Masimulizi ya Msafiri Kuhusu Nyumba za Ibada za Kale, Ukitazamwa Kutoka Kyela na Pwani ya Kaskazini ya Ziwa Nyasa

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna msafiri anavyoisimulia nyumba ya ibada ya kale anayoitembelea. Mfano mkuu ni sinagogi, kwa kuwa limekuwa kivutio cha wasafiri katika miji mingi ya dunia, na kwa kuwa katika Afrika Mashariki lipo jijini Nairobi na katika vilima vya Mbale nchini Uganda. Uhakiki unafanywa kutoka Kyela, ambako makanisa ya kwanza ya wamisionari na maeneo ya ibada ya jadi yameanza kutazamwa kwa jicho hilohilo la msafiri. Vigezo viwili vimetumika: hodi, kama adabu ya kuingia katika nyumba ya mwingine, na ukwangala, dhana ya Wanyakyusa inayohusu kukaa pamoja kwa wema. Hoja ya msingi ni kwamba usimulizi unaoishia kwenye sifa za jengo humwondoa mwenyeji katika sentensi, na kwamba kuondolewa huko kuna madhara nje ya maandishi. Makala yanaonyesha pia mipaka ya vigezo hivyo mahali ambapo mwenyeji hayupo tena.

1.0 Utangulizi

Chanzo cha makala haya ni ukurasa mmoja ulioandikwa vibaya na mwandishi wa makala haya mwenyewe. Usharika mmoja wilayani Kyela una kanisa la matofali ya kuchoma lililorithiwa kutoka kizazi cha mababu. Kuta zake zimepata nyufa, na watu wanaosali humo wamezidi nafasi. Wazee wa usharika wamegawanyika. Wapo wanaotaka libomolewe na kujengwa jipya kubwa, na wapo wanaotaka likarabatiwe na kufunguliwa kwa wageni wanaoshuka kwenda fukwe za Matema. Upande wa pili uliniomba niandike maelezo mafupi ya kumwelekeza mgeni. Niliandika kuhusu unene wa kuta, umbo la madirisha, mbao za dari na mandhari ya Safu ya Livingstone inavyoonekana kutoka mlangoni. Nilipowasomea, bibi mmoja wa kwaya aliniambia: “Mwanangu, umeandika nyumba. Sisi hatumo.”

Nilijitetea kwamba ndivyo maelezo ya aina hiyo yanavyoandikwa, na utetezi huo ulikuwa wa kweli. Nilikuwa nimefuata mtindo uliokwishazoeleka katika lugha nyingi, ambamo msafiri anafika, anastaajabia jengo, anataja mwaka wa kujengwa, anasifu mwanga unaopita madirishani, kisha anaondoka. Mtindo huo unaonekana waziwazi zaidi katika maandishi ya wasafiri kuhusu masinagogi mazuri ya kale, kwa sababu huko, mara nyingi kuliko katika makanisa na misikiti, msafiri huandika kuhusu nyumba ambayo watu wake wametawanyika au wameuawa. Ukimya kuhusu wenyeji ambao kwingine ungeonekana kuwa uzembe, hapo unaweza kupita kama heshima. Ndiyo maana sinagogi limeteuliwa kuwa mfano mkuu wa uhakiki huu.

Maswali yanayoongoza makala ni matatu. Je, ni nani anayetenda katika sentensi za msafiri: jengo, msafiri mwenyewe, au mwenyeji? Je, usimulizi unaonyesha jengo linavyotumika, au unaonyesha sura yake tu? Je, msafiri anajua mipaka ya ugeni wake, na anaisema?

2.0 Vigezo vya Uhakiki

2.1 Hodi

Katika jamii za Waswahili na za bara, mgeni haingii nyumbani kwa kuona mlango uko wazi. Hupiga hodi na kusubiri. Asipojibiwa hurudia, na akikosa jibu kabisa huondoka bila kinyongo. Tendo hili lina sehemu tatu zinazofaa katika uhakiki. Kwanza, linamtambua mwenyeji kabla ya kuitambua nyumba. Pili, linampa mwenyeji haki ya kukataa. Tatu, linamweka mgeni katika hali ya kusubiri, yaani muda wa ziara haumilikiwi na mgeni peke yake. Simulizi ya ziara inaweza kupimwa kwa sehemu hizo: je, msimulizi alibisha, alisubiri, na alijibiwa na nani?

Methali isemayo “Mgeni njoo, mwenyeji apone” inaongeza sharti jingine. Ugeni mzuri si ule usiomdhuru mwenyeji tu. Ujio wenyewe unatarajiwa kumpa mwenyeji kitu.

2.2 Ukwangala

Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti wa uwandani kwa Wanyakyusa kati ya miaka ya 1934 na 1938, aliliweka neno ukwangala katikati ya kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu vijiji vya rika. Kwa maelezo yake, ukwangala ni kufurahia kuwa pamoja: kula pamoja, kuzungumza, kuwa na adabu, na kujifunza hekima kutoka kwa wenzako. Wavulana wa umri wa miaka kumi hivi walianza kujenga vibanda vyao mbali kidogo na wazazi, na kijiji chao kilikua pamoja nao. Nyumba haikuwa kitu kilichotangulia ushirika. Ilijengwa ili ushirika upate mahali pa kukaa.

Dhana hii haipaswi kupambwa. Wilson mwenyewe anaonyesha kwamba ukwangala ulikuwa zaidi wa wanaume wa rika moja, na kwamba ujirani huo ulikuwa na hofu zake za uchawi na lawama. Si jambo dogo kwamba aliyenikosoa alikuwa bibi, ambaye kwa mpangilio wa zamani asingehesabiwa katika mazungumzo hayo ya wanaume. Hivyo ukwangala unatumika hapa kama swali: ni nani wanaokaa pamoja katika nyumba hii, na ni nani aliyeachwa nje?

3.0 Msafiri Anayetazama na Msafiri Anayeingia

3.1 Joseph Thomson, 1879

Pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa iliingia mapema katika maandishi ya wasafiri wa Ulaya wanaosifu uzuri. Mwaka 1879 Joseph Thomson, kijana Mskoti wa miaka 21, alifika huko akiongoza msafara wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza, baada ya kiongozi wake, Keith Johnston, kufariki Behobeho. Katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1881, anaeleza migomba, vivuli vya miti, usafi wa viwanja na unadhifu wa nyumba, na anailinganisha nchi hiyo na Arkadia, yaani nchi ya wachungaji wenye raha katika ushairi wa Kigiriki na Kirumi.

Sifa hizo ni za dhati, na msomaji wa Kyela anaweza kuzisoma kwa fahari. Hata hivyo, tunapozipima kwa maswali yetu, upungufu unaonekana. Usafi wa kiwanja unatajwa, lakini anayefagia hatajwi. Unadhifu wa nyumba unatajwa, lakini hakuna vijana wanaoijenga. Arkadia ni mahali ambapo uzuri hauna kazi nyuma yake. Miaka zaidi ya hamsini baadaye Wilson aliuliza nyumba hizo zilikuwa za nani na zilijengwa kwa ajili gani, na jibu likawa mfumo mzima wa jamii. Mambo ambayo Thomson aliyaona kama mandhari yalikuwa matokeo ya makubaliano kati ya watu.

Kosa hili si la uongo, kwani Thomson hakubuni. Ni kosa la sarufi: nomino za vitu zimechukua nafasi ya watendaji. Ndilo kosa lililokuwamo katika ukurasa wangu.

3.2 Ibn Battuta, 1331

Mfano wa kinyume unatoka katika pwani ya Bahari ya Hindi. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331, alikaa usiku mmoja tu. Maelezo yake kuhusu misikiti ya mji huo ni mafupi: anasema ilijengwa kwa mbao kwa ustadi. Lakini hakomei hapo. Anaeleza visima vilivyokuwa milangoni, namna anayetaka kuingia anavyochota maji na kuosha miguu, kitambaa kizito cha kufutia, na kwamba watu walitembea bila viatu.

Katika sentensi chache hizo msomaji hapati vipimo vya msikiti, lakini anajua namna ya kuuingia. Jengo linaelezwa kwa mwili wa anayelitumia. Ni kweli kwamba Ibn Battuta alikuwa Mwislamu, akaingia kama mmoja wa waumini, ilhali Thomson alikuwa mgeni wa dini na lugha. Tofauti hiyo inaeleza sehemu tu ya jambo. Ibn Battuta alikuwa mgeni Mombasa pia, na angeweza kuishia kwenye mbao.

4.0 Masinagogi Mawili ya Afrika Mashariki

4.1 Nairobi: nyumba inayohitaji watu kumi

Usharika wa Kiyahudi wa Nairobi uliundwa mwaka 1904, katika kipindi kilekile ambacho vuguvugu la Kizayuni lilikuwa likijadili pendekezo la serikali ya Uingereza la kuwapa Wayahudi makazi katika uwanda wa Uasin Gishu. Pendekezo hilo lilifikishwa mbele ya kongamano la Basel mwaka 1903 na kukataliwa na kongamano la mwaka 1905. Ingawa mpango ulikufa, familia kadhaa zilibaki. Sinagogi la kwanza lilijengwa katika miaka ya 1912 na 1913, na jengo la sasa, lililoko pembeni ya makutano ya barabara za University Way na Uhuru Highway, ni la katikati ya miaka ya 1950.

Msafiri anayelitafuta sinagogi hili kwa sifa ya ukale atapata jengo la karne ya ishirini lenye ulinzi mlangoni. Katika mtindo wa maandishi ninayoyahakiki, ulinzi huelezwa kama kero inayomchelewesha mgeni. Kwa kigezo cha hodi, ulinzi huo ni sehemu ya maana ya nyumba. Nairobi ilishuhudia hoteli ya Norfolk, iliyokuwa mali ya familia ya Kiyahudi, ikilipuliwa tarehe 31 Desemba 1980, na pwani ya Kenya ikashuhudia shambulio la Kikambala dhidi ya hoteli ya Waisraeli mwezi Novemba 2002. Mwenyeji anayeuliza “Wewe ni nani?” hajakosa ukarimu. Ana sababu ya kuuliza, na msimulizi mwadilifu ataiandika sababu hiyo badala ya kulalamikia foleni.

Jambo zito zaidi limo katika kanuni ya sala. Kwa desturi ya Kiothodoksi, inayofuatwa na usharika wa Nairobi, baadhi ya sala za pamoja na usomaji wa hadharani wa gombo la Torati haviwezi kufanyika bila kuwapo wanaume Wayahudi kumi waliofikia umri wa wajibu. Katika usharika mdogo, msafiri Myahudi anayepita Ijumaa jioni anaweza kuwa mtu wa kumi. Ujio wake ndio unaoruhusu sala kusomwa. Methali “Mgeni njoo, mwenyeji apone” inapata hapa maana ya moja kwa moja, na ukwangala unapata idadi.

Kanuni hiyo inafundisha pia mipaka. Msafiri asiye Myahudi hahesabiwi miongoni mwa kumi, hata akiwa na heshima kiasi gani, na katika desturi hiyo mwanamke Myahudi hahesabiwi vilevile. Kwa hiyo jengo moja linawapokea wageni watatu kwa namna tatu tofauti. Usimulizi unaosema “mgeni” kana kwamba ni mmoja unapoteza tofauti zinazoifanya nyumba hiyo iwe nyumba ya watu fulani. Tunapouliza swali la ukwangala kuhusu nani ameachwa nje, hatuulizi ili kuihukumu desturi ya wengine kwa haraka. Tunauliza ili msomaji aone kwamba mlango una masharti, na kwamba msimulizi mwenyewe alisimama upande fulani wa masharti hayo.

4.2 Nabugoye: ukale usio wa mawe

Karibu na Mbale, jamii ya Abayudaya ilianzishwa mwaka 1919 na Semei Kakungulu, kiongozi wa kivita aliyewahi kuwatumikia Waingereza kisha akafarakana nao. Kakungulu hakufundishwa dini ya Kiyahudi na mmisionari wa Kiyahudi. Alisoma Biblia, akaona maagizo ya Torati hayajatenguliwa, akatahiriwa pamoja na wanawe. Alifariki mwaka 1928. Utawala wa Idi Amin ulipiga marufuku ibada ya jamii hiyo, na wengi walihamia dini nyingine. Waliobaki walianza kujikusanya upya baada ya mwaka 1979. Mwaka 2008 Gershom Sizomu alibarikiwa kuwa rabi nchini Marekani, na mwaka 2016 sinagogi jipya kubwa, linaloitwa Stern, lilifunguliwa katika kilima cha Nabugoye.

Neno “la kale”, ambalo ndilo nguzo ya mtindo tunaouhakiki, linashindwa kabisa mahali hapa. Jengo la mwaka 2016 halina ukale wa kumstaajabisha msafiri. Matokeo yake, anayekuja na kipimo hicho huandika moja kati ya mambo mawili: ama husikitika kwamba jengo ni la kawaida, ama huwafanya watu wenyewe kuwa kivutio badala ya jengo, akistaajabu kwamba Waafrika ni Wayahudi. Mtazamo wa pili unaonekana kuwa wa kirafiki zaidi, lakini una kasoro ileile. Watu wanageuzwa kuwa kitu cha kutazamwa.

Ukale wa Abayudaya uko katika sauti. Zaburi zilitiwa muziki kwa Kiluganda, na nyimbo hizo zilirekodiwa katika albamu iliyotolewa na Smithsonian Folkways mwaka 2003. Wakati wa marufuku, mlango wa jengo ungeweza kufungwa, ila zaburi iliyokaririwa haikuhitaji mlango. Msafiri anayetaka kuisimulia nyumba hii kwa haki hana budi kuwapo wakati wa kuimba, na hilo linamlazimu kusubiri Sabato. Kusubiri, kama tulivyoona, ni sehemu ya hodi.

Masinagogi haya mawili yana jambo moja la pamoja ambalo maelezo ya usanifu huliacha mara nyingi. Kwa desturi, waumini husali wakielekea Yerusalemu. Kutoka Prague huelekea kusini-mashariki, ilhali kutoka Nairobi na Nabugoye huelekea kaskazini. Msafiri anayesimama kwa muda akauliza watu wanaangalia wapi atapata habari ambayo picha ya madirisha haiwezi kumpa.

5.0 Nyumba Isiyo na Mwenyeji

Pingamizi kubwa dhidi ya kigezo cha hodi ni hili: vipi pale ambapo hakuna wa kuitikia? Katika Mattancherry mjini Cochin, India, sinagogi la Paradesi lilijengwa mwaka 1568, na msafiri huvua viatu ili kukanyaga sakafu yake ya vigae vya Kichina. Wengi wa Wayahudi wa Cochin walihamia Israeli baada ya mwaka 1948, na waliobaki ni wachache mno. Huko adabu ya kuvua viatu imedumu kuliko usharika ulioiweka.

Mfano mgumu zaidi ni Prague. Mji huo una sinagogi la takriban mwaka 1270 ambalo bado linatumika kwa sala. Si mbali nalo liko sinagogi la Pinkas, ambalo sasa ni sehemu ya jumba la makumbusho. Kwenye kuta zake yameandikwa majina ya karibu Wayahudi 78,000 wa Bohemia na Moravia waliouawa na Wanazi. Hapo ukuta wenyewe umefanywa usimulizi, na ukuta huo umekataa kusema habari zake. Hausemi ni mrefu kiasi gani. Unataja watu, mmoja baada ya mwingine.

Msomaji wa Kyela ana sababu ya kulitazama kwa makini neno Moravia katika orodha hiyo. Kwetu Moravian ni jina la kanisa, na wengi wanaolitamka kila Jumapili hawalifikirii kama jina la nchi. Mizizi ya kanisa hilo iko Bohemia, mwaka 1457. Wakimbizi kutoka Moravia waliowasili mwaka 1722 katika ardhi ya Zinzendorf huko Saxony walianzisha mji wa Herrnhut, na kutoka Herrnhut wamisionari walifika Rungwe mwaka 1891. Jina la nchi lililosafiri hadi Unyakyusa likiwa jina la waumini waliokimbia kuonewa kwa ajili ya imani, liko pia katika ukuta wa Prague likiwa jina la nchi ambayo Wayahudi wake hawakupata pa kukimbilia. Uhusiano huu si wa nasaba ya dini, na makala hayadai hivyo. Unadaiwa kama hoja ya usomaji: msafiri kutoka Kyela anayesimama mbele ya ukuta ule hana haki ya kujidhani mtazamaji asiyehusika, kwa kuwa sehemu ya jina analobatiziwa imeandikwa hapo.

Kwa hiyo mahali pasipo na mwenyeji, hodi haifutwi. Inabadilika kuwa wajibu wa kutaja ni nani angeitikia. Simulizi inayoanza na madirisha mazuri na kufikia mauaji katika aya ya mwisho, kama maelezo ya ziada, imepanga mambo kinyume.

6.0 Kurudi Pwani ya Kaskazini ya Ziwa Nyasa

Vigezo vilivyojaribiwa katika masinagogi vinaweza sasa kurejeshwa nyumbani. Nitachukua mifano miwili.

Wa kwanza ni Ipyana, kituo kilichoanzishwa na Wamoravian mwaka 1894 katika uwanda wa Kyela, miaka mitatu baada ya Rungwe. Jina lenyewe kwa Kinyakyusa lina maana ya neema. Maelezo ya kisafari yataiandika Ipyana kama kituo cha Wajerumani: nani alifika, mwaka gani, alijenga nini. Mtendaji katika sentensi hizo ni mmisionari pekee. Waliofyatua matofali, waliobeba mbao, waliowafundisha wageni lugha na waliolichagua neno la Kinyakyusa la neema, wote huingia katika kauli ya kutendwa: kanisa lilijengwa, Injili ilitafsiriwa. Badiliko dogo la kisarufi, yaani kuwarudisha watendaji, linabadilisha historia inayosimuliwa. Kama ilivyo kwa zaburi za Abayudaya, ukale wa Ipyana unasikika katika neno kuliko unavyoonekana katika ukuta.

Wa pili ni mgumu zaidi. Upande wa Ikombe, ng’ambo ya Matema, kuna mahali paitwapo Pali-Kyala, yaani alipo Kyala. Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu matambiko ya jamii, anamweleza Kyala kuwa shujaa wa kale aliyetambikiwa, kama alivyotambikiwa Lwembe katika kichaka kitakatifu cha Lubaga. Wamisionari walilichukua jina hilo kuwa jina la Mungu, na leo Mnyakyusa Mkristo anaposema Kyala anamaanisha Mungu wa Biblia. Mahali hapa sasa hutajwa miongoni mwa vivutio vya watalii wa Matema, sambamba na ufukwe na soko la Lyulilo linalouza vyungu vya Wakisi.

Ni nani mwenyeji wa Pali-Kyala? Wenye tambiko wana haki ya kudai. Wakristo wanalitaja jina la mahali hapo katika kila sala, ingawa wengi hawangetaka kuonekana wakienda huko. Wakisi wanaishi jirani. Mwongoza watalii anayempeleka mgeni kwa mtumbwi anajibu kwa niaba ya wote, na huenda hakutumwa na yeyote. Kigezo cha hodi hakitoi jibu la haraka hapa, lakini kinazuia jibu la uongo. Simulizi inayosema “wenyeji wanaamini kwamba” imechukua sauti za watu wanaohitilafiana na kuzifanya moja. Msimulizi mwangalifu ataandika ni nani hasa alimwambia, na ataandika pia kwamba wapo ambao hakuwauliza.

Mifano hii miwili inaonyesha kwa nini suala hili si la mtindo pekee. Nyumba ya ibada ikishaandikwa kama jengo tu, mabishano kuhusu hatima yake huwa ya aina mbili: ni zuri, libaki, au ni bovu, libomolewe. Pande zote mbili katika usharika niliouelezea mwanzoni zilikuwa zikisema lugha hiyo, na ukurasa wangu uliiimarisha. Hakuna aliyeuliza kwaya itaimbia wapi wakati wa ujenzi, makaburi ya pembeni yatatunzwa na nani, au mgeni akija siku ya msiba atapokelewa vipi.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba usimulizi wa msafiri kuhusu nyumba za ibada za kale una sarufi yake, na kwamba sarufi hiyo humpa jengo nafasi ya mtendaji na kumwacha mwenyeji bila nafasi. Thomson alisifu bila kuuliza, ilhali Ibn Battuta alieleza namna ya kuingia. Sinagogi la Nairobi linaonyesha kwamba mgeni anaweza kuhitajika, na kwamba si kila mgeni anahitajika kwa namna moja. Nabugoye inaondoa ukale kwenye mawe na kuuweka katika sauti. Pinkas inaonyesha kwamba nyumba isiyo na wenyeji inaweza kutaja majina yao. Ipyana na Pali-Kyala vinaturudisha kwenye swali la nani anayeitikia hodi katika nchi yetu wenyewe.

Hoja hii haidai kwamba uzuri wa jengo hauna thamani. Bibi aliyenikosoa aliyapenda madirisha yale kuliko mimi, kwa kuwa amekaa chini yake maisha yake yote. Alichodai ni kuwa uzuri huo uelezwe pamoja na waliokaa hapo.

Inapendekezwa kwamba watafiti wa fasihi ya safari ya Kiswahili, kuanzia mkusanyo wa Carl Velten wa mwaka 1901 wa masimulizi ya safari za Waswahili hadi maandishi ya sasa ya utalii, wachunguze kauli ya kutendwa katika maelezo ya nyumba za ibada kama suala la kimaadili, si la kisarufi pekee. Inapendekezwa pia kwamba sharika, misikiti na wenye maeneo ya jadi katika pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa waandike wenyewe maelezo ya kumpokea mgeni, wakianza na siku na saa ambazo asije.

Ukurasa wangu umeandikwa upya. Sasa unaanza na saa za mazoezi ya kwaya na majina ya ukoo ya waliofyatua matofali, kadiri wazee walivyokubali yatajwe. Madirisha yamebaki katika aya ya tatu. Uamuzi kuhusu kanisa lenyewe haujafikiwa, na wazee wanaendelea kukutana humohumo.